Nani Ainame Mbele ya Nani: Kutawadhana Miguu kutoka Milano hadi Shirati

Injili ya Yohana haisimulii Yesu akimega mkate na kuwapa wanafunzi kikombe usiku wa karamu ya mwisho. Mahali ambapo Mathayo, Marko na Luka wameweka mkate na divai, Yohana ameweka beseni, maji na taulo. Yesu anaondoka mezani, anavua vazi lake, anajifunga taulo kiunoni na kuanza kuwatawadha wanafunzi miguu mmoja baada ya mwingine, Yuda akiwemo. Kisha anawaagiza wafanye vivyo hivyo wao kwa wao. Agizo liko wazi kama lile la mkate. Hata hivyo, mkate umeshika nafasi ya kwanza karibu katika kila kanisa duniani, ilhali beseni limetangatanga: hapa ni sherehe ya mara moja kwa mwaka, pale ni agizo la kila robo mwaka, kwingine limebaki katika mahubiri tu. Nimelifuata beseni hilo katika nchi na nyakati mbalimbali, nikiuliza kila ninapofika: ni nani anayeinama, na anainama mbele ya nani?

Katika Palestina ya wakati ule jibu lilijulikana na wote. Barabara zilikuwa za vumbi, watu walivaa ndara, na mgeni alipofika nyumbani aliletewa maji. Alijiosha mwenyewe, au aliyemwosha alikuwa mtumwa. Yapo hata mafundisho ya marabi yanayosema kwamba mtumwa Mwebrania asilazimishwe kumwosha bwana wake miguu, kwa kuwa kazi hiyo inamdhalilisha mno. Ndiyo maana Petro alikataa. Huwa tunamhubiri Petro wa usiku ule kama mkaidi, lakini mimi namwona kama mtu mwenye adabu zake. Anautetea utaratibu ambao jamii nyingi, na zetu za Afrika Mashariki zikiwemo, zinauheshimu hadi leo, kwamba mdogo humhudumia mkubwa na mkubwa hupokea.

Makanisa ya mwanzo hayakukubaliana kuhusu la kufanya. Mwishoni mwa karne ya 4, Ambrosi, askofu wa Milano, alikuwa akiwatawadha miguu watu waliotoka kubatizwa. Alijua fika kwamba Roma haikuwa na desturi hiyo. Alieleza kwa upole kwamba anatamani kulifuata Kanisa la Roma katika mambo yote, ila watu wa Milano nao wamejaliwa akili, na pengine Roma iliiacha desturi hiyo kwa sababu ya wingi wa watu. Augustino, ambaye Ambrosi huyo alimbatiza mwaka 387, aliandika baadaye kwamba kuna makanisa yaliyoikataa yakihofia waumini wasije wakaiona kuwa sehemu ya ubatizo. Kwa hiyo leo, Mkristo anayedai kwamba kanisa lake peke yake ndilo limetunza jambo la kale na mwenzake amelipoteza, historia haimpi ushahidi.

Waliolitoa beseni kwenye ibada na kuliingiza katika shughuli za kila siku ni watawa. Kanuni ya Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, inalitaja mara mbili. Katika sura ya 35, mtawa anayemaliza zamu ya jikoni Jumamosi, pamoja na yule anayeipokea, wanawaosha wenzao wote miguu. Siku hiyohiyo ndiyo ya kufua taulo na kurudisha vyombo vikiwa safi. Katika sura ya 53, abate anawamiminia wageni maji ya mikono, na abate pamoja na jumuiya nzima wanawaosha miguu. Benedikto anaongeza jambo linaloonyesha jinsi alivyowajua wanadamu. Anataka uangalifu mkubwa zaidi uwe kwa maskini na wasafiri, kwa sababu tajiri, kwa hofu tu anayoitia, tayari anajipatia heshima yake. Kanuni hiyohiyo inasomwa leo Peramiho, Ndanda na Hanga, kusini mwa Tanzania.

Nakaa kidogo kwenye maji hayo ya mikono, kwa kuwa tunayajua. Pwani na bara, chakula kikiwa tayari, mtu huzunguka na birika au jagi, beseni na taulo, kuwanawisha wageni. Anayezunguka ni nani? Ni mtoto wa nyumbani, au bibi arusi mgeni, au kijana mdogo kuliko wote barazani. Hujapata kumwona mzee wa ukoo akimnawisha mjukuu wake mbele ya wageni. Desturi yetu ni ya ukarimu wa kweli, na mgeni hutoka hapo akijisikia mtu. Ya Benedikto nayo ni ya ukarimu, ila imegeuza mwelekeo wa maji: birika liko mkononi mwa mkubwa wa nyumba. Sisemi moja ni njema na nyingine mbaya. Yetu inamfundisha mdogo heshima, na ile inamfundisha mkubwa unyenyekevu. Hayo ni masomo mawili, na mtu anayahitaji katika umri tofauti.

Beseni lilipofika ikulu, mambo yalibadilika. Nchini Uingereza wafalme na malkia waliwaosha maskini miguu kila Alhamisi Kuu. Maelezo ya sherehe ya mwaka 1573 huko Greenwich yamehifadhiwa. Malkia Elizabeth I, akiwa na miaka 39, aliwaosha miguu wanawake maskini 39. Lakini kabla hajafika yeye, wanawake hao walikuwa wameshaoshwa mara tatu: kwanza na wafuaji wa ikulu, kisha na naibu msimamizi wa sadaka, kisha na msimamizi mwenyewe. Malkia aliipata miguu iliyokwisha kutakata. Inasemwa kwamba mfalme wa mwisho kuosha kwa mikono yake ni James II, ambaye utawala wake ulikoma mwaka 1688. Siku hizi mtawala wa Uingereza hutoa sarafu maalumu za fedha kwa wazee, wanaume na wanawake, kila kundi likilingana kwa idadi na umri wake. Beseni halipo tena, lakini viongozi wa ibada hiyo bado hujifunga taulo za kitani. Vienna nako, Kaisari Franz Joseph wa Austria alipiga magoti mbele ya wazee 12 maskini katika jumba la Hofburg, mwaka baada ya mwaka, akiwanyunyizia maji na kuwafuta.

Ni rahisi kuwadharau watawala hawa na kusema ilikuwa maonyesho, na sikubaliani na hukumu hiyo yote. Mfalme anayetakiwa na desturi kupiga magoti mbele ya maskini, hata mara moja kwa mwaka, amekumbushwa hadharani kwamba yuko chini ya mwingine. Kuna mamlaka nyingi duniani zisizokumbushwa hata hilo. Hata hivyo tofauti na watawa ni kubwa. Mtawa aliyemwosha mwenzake Jumamosi aliamka Jumapili akiwa sawa na yule aliyemwosha, na wiki iliyofuata zamu iligeuka. Kaisari aliamka Ijumaa akiwa Kaisari, na mzee yule aliamka maskini, ingawa alikuwa na mfuko wa fedha. Maji hayakubadili mpangilio wa nyumba.

Hapa kwetu, parokia za Kikatoliki zinafanana na ikulu zile kwa jambo moja dogo. Padri anapovua kasula Alhamisi Kuu na kushuka na beseni, wale 12 waliochaguliwa, mara nyingi wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, wamekwisha kusugua miguu nyumbani kwa sabuni na jiwe, wamekata kucha na kuvaa soksi mpya. Ni heshima, na ninaielewa. Nani apeleke kisigino chenye mipasuko mbele ya altare? Lakini miguu inayofika imesafishwa kabla ya kusafishwa, na wenye kuifikisha huwa ni watu ambao tayari wana viti vya mbele.

Sasa twende mkoa wa Mara, kaskazini mwa Tanzania. Wamennonite walifika Shirati, karibu na Ziwa Viktoria, mwaka 1934. Walikuja na desturi iliyotajwa katika Ungamo la Dordrecht la mwaka 1632, kifungu cha 11: waumini wanaoshana miguu, mtu na mwenzake. Waadventista Wasabato, ambao utume wao Tanzania ulianzia Upare mwaka 1903 na ambao leo wamejaa Mara na ng'ambo ya mpaka Kisii, wanafanya hivyo kabla ya Meza ya Bwana, kwa kawaida mara moja kila robo ya mwaka, na wanaiita huduma ya unyenyekevu. Hapa hakuna altare wala watu 12. Mashemasi wamepanga mabeseni ya plastiki, ndoo za maji ya uvuguvugu na taulo. Wanaume wanakwenda upande wao, pengine chini ya mti kama kanisa ni dogo, na wanawake upande wao. Unatafuta mtu, au mtu anakutafuta. Unavua viatu, na kama soksi imetoboka kidoleni, imetoboka, mwenzako ameiona. Anachuchumaa, anauweka mguu wako majini, anaumwagia maji kwa kiganja, anaupangusa. Kisha mnabadilishana. Mwisho mnaombeana na kukumbatiana.

Wahudhuriaji wa huduma hiyo wanajua siri yake: shughuli nzito ni kumchagua mwenzako. Unaweza kumchukua rafiki yako, nanyi mkamaliza kwa dakika mbili. Unaweza pia kuvuka uwanja hadi kwa yule mliyegombana juu ya mpaka wa shamba, watu wote wakiona unaelekea wapi. Mwalimu mkuu anaweza kuoshwa na mlinzi wa shule, na baada ya hapo mwalimu mkuu atachuchumaa. Uzito mwingine, ambao ikulu hazikuujua, ni ule wa Petro. Mfalme aliosha na hakuoshwa. Kila Mwadventista na kila Mmennonite lazima pia akae, atoe mguu wake na anyamaze. Kwa watu wengi tuliozoea kutoa, kupokea ndiko kunakoumiza. Nikiulizwa ni mtindo upi ulio karibu zaidi na maneno ya Yohana, nitasema ni huu wa kutawadhana, kwa sababu agizo lenyewe lilikuwa la wao kwa wao.

Nao una upungufu wake. Kutenganisha wanaume na wanawake kunalinda staha, na katika jamii ambazo mkwe haruhusiwi hata kukaa karibu na mama mkwe wake, sioni namna nyingine. Lakini matokeo yake ni kwamba mwanamume hatainama kamwe mbele ya mwanamke nje ya nyumba yake, pengine wala ndani. Jambo hili ni zito kwetu kuliko kwa Wazungu. Mwanamke wa Kiganda au wa Kihaya aliyelelewa kimila hupiga magoti akimsalimu mumewe na wazee. Kwa Wasukuma ni vivyo hivyo. Msichana wa kazi huchuchumaa kutwa nzima mbele ya beseni la vyombo na la nguo za watu wengine. Ukimwambia mtu huyu kwamba unyenyekevu wa Kikristo ni kuinama, hujamwambia jipya. Huko Roma au Amsterdam, ambako hakuna anayempigia mwenzake magoti, kitendo chenyewe kinashtua. Kwetu hakimshtui mtu mpaka uone ni magoti ya nani yaliyoshuka.

Papa Francis alilielewa hilo mapema. Tarehe 28 Machi 2013, wiki mbili baada ya kuchaguliwa, aliacha basilika na kwenda gereza la vijana la Casal del Marmo mjini Roma, akawaosha miguu vijana 12. Kati yao walikuwemo wasichana wawili, na walikuwemo Waislamu. Sheria ya liturujia wakati huo ilitaja wanaume. Januari 2016 ilibadilishwa kuwaruhusu wanawake. Mwaka huohuo aliwaosha wakimbizi huko Castelnuovo di Porto, Wakristo, Waislamu na Mhindu mmoja. Aprili 2019, akiwa na miaka 82 na mwili unaomsumbua, alipiga magoti na kubusu viatu vya Salva Kiir, Riek Machar na viongozi wengine wa Sudan Kusini, akiwasihi wadumishe amani. Serikali ya umoja iliundwa Februari 2020. Machi 2025 Machar aliwekwa kizuizini nyumbani kwake Juba. Aliyeinama hakuweza kuwainamisha walioinamiwa. Mwezi uliofuata, Alhamisi Kuu, Francis alifika gereza la Regina Coeli na kuwaeleza wafungwa kwamba safari hii hawezi kuwaosha miguu, ila anaweza kuwa nao. Siku nne baadaye alifariki.

Afrika Mashariki yetu ina desturi nyingine ya kuinama isiyotumia maji. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, Uganda, na kutoka hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikofanya kazi Church, kikaanza kile tunachokiita Uamsho. Ndugu wa Uamsho hawakuosha miguu; waliungama. Mmishonari alisimama mbele ya wauguzi Waafrika na kukiri dharau yake kwa rangi yao. Mwafrika naye akakiri chuki na wizi wa vitu vya hospitali. Katika ukoloni wa miaka ya 1930, Mzungu kumwomba radhi Mwafrika hadharani kulipindua ngazi kuliko beseni lolote. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Uamsho ulifika Shirati kwenyewe, maji ya Wamennonite na maungamo ya ndugu yakakutana katika kanisa moja. Nchini Kenya, wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950, wengi wa ndugu hao Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau na pia wakakataa silaha za serikali, na baadhi yao waliuawa. Ni lazima pia niseme kwamba Rwanda, iliyokuwa chimbuko la Uamsho, ndiyo iliyopatwa na maangamizi ya kimbari ya mwaka 1994. Neno lina hatari yake kama maji: mtu anaweza kuzoea kuungama kama alivyozoea kuosha, na moyo usiguswe.

Kwa wasafiri wa barabara ya Nairobi na Mombasa, kuna mahali pengine pa kujifunza, napo si pa Wakristo. Ni hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926. Anayeingia hulishwa bure, awe wa dini yoyote. Wote huketi chini kwa mstari, wala hakuna anayeuliza jina lako. Katika hekalu lao kuu la Amritsar, watu wenye vyeo na mali hujitolea kupokea viatu vya wageni na kuvifuta vumbi, au kuosha sahani. Kuna nyakati ambapo mamlaka yao ya dini iliwaadhibu wanasiasa wakubwa, hata aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo la Punjab, Surjit Singh Barnala, kwa kuwaagiza wafute viatu vya waumini. Mfanano na beseni ni dhahiri, maana heshima imeshushwa hadi usawa wa miguu. Tofauti nayo ni dhahiri. Mkristo anayetawadha anarudia kitendo cha Bwana wake na kumtazama mtu mmoja usoni. Msingasinga anayefuta viatu mara nyingi hamjui mwenye viatu, na hataki ajulikane naye. Unyenyekevu wa kwanza hujenga undugu kati ya wawili, na wa pili humwondolea mtoaji nafasi ya kusifiwa. Natamani parokia zetu zijifunze huu wa pili.

Wakopti wa Misri hubariki maji ya beseni mara tatu kwa mwaka, na katika makanisa yao ya kale beseni lenyewe limejengwa sakafuni. Nchini Ethiopia, Alhamisi ya juma la mateso, makasisi huwaosha waumini miguu na watu hula gulban, nafaka na kunde zilizochemshwa. Kumwosha mgeni miguu ni desturi ya kale ya nyumba za Waethiopia, ikikumbusha Abrahamu na wageni wake watatu. Katika nchi hiyohiyo, wakulima wanaotembea pekupeku kwenye udongo mwekundu wa volkano huvimba miguu kwa ugonjwa uitwao podokoniosi. Wagonjwa ni zaidi ya milioni moja, na wengi hukimbiwa na majirani, hukosa wachumba, hukaa nje ya mlango wa kanisa kwa sababu ya harufu. Dawa ya msingi ni kuosha mguu kila siku kwa maji na sabuni, kuupaka mafuta, kuufunga na kuvaa viatu.

Kwetu Tanga, Pwani, Lindi na Mtwara mguu huo tunaujua kwa jina la matende, ambayo huletwa na mbu. Wauguzi hufundisha jambo lilelile: osha kila siku kwa sabuni, kausha vizuri katikati ya vidole ambako fangasi na vidonda huanzia, inua mguu unapokaa. Anayefanya hivyo hupungukiwa na homa na maumivu. Lakini mzee mwenye matende mara nyingi hawezi kujipinda akavifikia vidole vyake. Mgonjwa wa kisukari aliyekufa ganzi nyayo haoni kidonda kilicho chini ya kisigino. Hapo beseni linarudi kuwa lilivyokuwa kabla halijawa sherehe: maji, sabuni, taulo na mtu mwingine. Hakuna kwaya, na miguu haikusuguliwa kabla. Mfuaji wa Greenwich, aliyekutana na uchafu wenyewe siku ile ya mwaka 1573, angeijua kazi hii kuliko malkia wake.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa wasomaji walio Wakristo. Parokia ikiandaa orodha ya watu 12 wa Alhamisi Kuu ijayo, orodha hiyo ianzie jikoni, getini na kwa wagonjwa wa mtaa, wala isianzie viti vya mbele. Na kama jirani yako ana mguu wa matende au kidonda cha kisukari, nenda na muuguzi wa zahanati akuonyeshe namna ya kuuosha, kisha umuulize mwenye mguu kama atakuruhusu. Mguu huo unahitaji kuoshwa kila siku.